Amplifaya ya zamani ya valvu imeharibika: uhamishe valvu, upime volti, au ubadilishe kapasita zote?

Amplifaya ya stereo ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) iliyotoka kiwandani miaka ya 1950 au 1960 ikianza kusumbua, dalili zake huwa chache. Upande mmoja unanyamaza au sauti yake inafifia, mvumo unasikika hata pasipo muziki, mikwaruzo inakuja na kuondoka, fyuzi inakatika, au valvu moja ya nguvu inageuka nyekundu kwenye bati lake la ndani. Dalili ni chache, lakini mafundi hawakubaliani pa kuanzia. Mmoja atakuambia uhamishe valvu za kushoto kwenda kulia uone kitakachotokea. Mwingine hagusi kitu kabla ya kushika mita. Wa tatu atasema kifaa kimeshapita miaka 60, kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) zimekwisha, zing'oe zote kwanza ndipo tuzungumze.

Kila njia ina watu waliofanikiwa nayo, ndiyo maana ubishi hauishi. Tatizo ni kwamba hazijibu swali moja. Kuhamisha valvu kunajibu "je, ni valvu?" Kupima volti kunajibu "ni wapi?" Kubadilisha kapasita zote hakujibu swali lolote, ni matengenezo yanayoweza kuondoa hitilafu bila wewe kujua ilikuwa nini. Msimamo wangu nausema mapema: hamisha valvu pale hitilafu iko upande mmoja na haina dalili ya hatari, tumia mita kwa mengine yote, na kapasita za jumla ziwe uamuzi wa baadaye, baada ya hitilafu kujulikana.

Yasiyo na hiari

Njia yoyote utakayoshika, kuna mambo hayachaguliwi. Ndani ya chesisi, yaani fremu ya chuma ya kifaa, kuna mkondo mnyoofu (DC) wa volti 300 hadi 500. Dynaco ST-70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, inabeba zaidi ya volti 400 kwenye kapasita zake za kuchuja, zile zinazolainisha mkondo mnyoofu, na kapasita za namna hiyo zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Zitoe umeme kwa rizista ya kiloohmu 10 yenye uwezo wa wati 10: upande mmoja klipu kwenye chesisi, upande wa pili ncha yenye kishikio cha plastiki kwenye kapasita. Kwa mikrofaradi 90 zilizomo ndani ya kopo la kapasita za ST-70, sekunde 5 zinatosha. Hata hivyo pima kwa mita kabla ya kuingiza vidole. Bisibisi isitumike kwa kazi hii, kwa sababu cheche yake inaunguza ncha ya kapasita, na mkono unaoshtuka hurukia mahali pengine.

Ukipima kifaa kikiwa kimewaka, funga waya hasi wa mita kwenye chesisi kwa klipu kabla ya kuwasha, halafu fanya kazi kwa mkono mmoja tu. Pete na saa ya chuma vikae pembeni. Mita na nyaya zake ziwe zimetengenezwa kwa volti 600 au zaidi. Ikiwa hujawahi kufanya kazi na volti za kiasi hiki, uchaguzi wako umekwisha hapa: hamisha valvu kifaa kikiwa kimezimwa na kimepoa, na yanayobaki mpe fundi anayezijua valvu.

Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, au bila rizista kubwa ya ohmu 8 mahali pa spika. Sauti ikipita huku upande wa spika hauna mzigo, volti kwenye upande wa valvu wa transfoma hupanda sana, cheche zinaweza kuruka ndani ya soketi au ndani ya transfoma yenyewe, na transfoma ya sauti ndicho kipande kigumu kuliko vyote kukipata tena.

La mwisho ni balbu. Balbu ya zamani ya uzi, wati 60 hadi 100, ikifungwa mfululizo kwenye waya wa moto unaolisha amplifaya, inakuwa mlinzi wa bei ndogo kuliko mlinzi mwingine yeyote. Ukiwasha, itang'aa kidogo kisha itafifia. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti ndani, na umeiokoa transfoma ya umeme. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Na usiandike vipimo vya volti ukiwa bado umeweka balbu, maana kila namba itasoma chini.

Nje ya chesisi pia kuna la kufanya, na halichukui dakika 2. Zima kifaa, badilishana nyaya za kuingiza sauti, kushoto kwenda kulia, usikilize. Kisha zima tena ubadilishane spika. Watu wengi wamefungua amplifaya nzima kumbe waya ulikuwa umekatikia ndani ya plagi.

Kuhamisha valvu

Uzuri wa stereo ni kwamba una amplifaya mbili kwenye chesisi moja. Upande mzima ni kipimo cha upande mgonjwa. Ukiitoa valvu ndogo ya kushoto, sema ECC83, ukaiweka kulia, na ya kulia ukaiweka kushoto, kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Hitilafu ikihama na valvu, valvu ndiyo mbaya. Hitilafu ikibaki palepale, kosa liko kwenye saketi. La tatu watu hulisahau: hitilafu inapotea kabisa, haipo kushoto wala kulia. Hapo valvu zote mbili ni nzima. Kilichotokea ni kwamba kuchomoa na kuchomeka kumesugua pini na soketi, kutu ikakwanguka, umeme ukapita vizuri. Mwenye haraka hufurahi na kufunga kifaa; baada ya muda mikwaruzo inarudi, naye ameshanunua valvu mpya. Soketi zinahitaji kusafishwa kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na kukazwa vibano vyake, kifaa kikiwa kimezimwa na kapasita zimetolewa umeme.

Kwa kelele ndogondogo njia hii haina mpinzani. Mlio kama wa mvua ya mbali upande mmoja, milipuko midogo isiyofuata muziki, sauti iliyopungua nusu, au valvu inayolia kama kengele ukiigonga taratibu kwa penseli ya mbao: haya yote mita huyaona kwa shida au haiyaoni kabisa. Valvu yenye kelele inaweza kusoma volti sahihi kwenye kila pini. Hata mashine za kupimia valvu huipitisha mara nyingi, kwa sababu nyingi huipima kwa volti ndogo kuliko zile za kazini na hazisikilizi kelele. Soketi ya amplifaya yenyewe ndiyo mashine bora ya kuipimia.

Tatizo la njia hii linaanza pale dalili inapokuwa kwenye valvu za nguvu. Tuseme EL34 moja ya kushoto inageuka nyekundu kwenye bati lake. Mwenye kuhamisha anaitoa, anaweka ile nzima ya kulia mahali pale, anawasha, anasubiri. Kama kosa ni la saketi, ameipeleka valvu nzima machinjioni. EL34 imeundwa kuhimili wati 25 kwenye anodi, yaani bati hilo. Bati likianza kuwa jekundu, kiasi hicho kimeshapitwa, na kila sekunde inayopita inakula valvu na kuipasha moto transfoma. Kwa hiyo bati likiwa jekundu, zima hapo hapo na uchukue mita. Rangi ya buluu inayong'aa karibu na kioo isikutishe, hiyo ni ya kawaida kwa valvu nyingi za nguvu. Wasiwasi uje ukiona ukungu wa zambarau umejaa katikati ya vipande vya ndani, au ile rangi ya fedha juu ya kioo imegeuka nyeupe. Nyeupe maana yake hewa imeingia, na valvu hiyo imekufa.

Njia hii pia haioni kitu kinachotumiwa na pande zote mbili. Valvu ya kunyoosha mkondo ni moja, kapasita za kuchuja ni za wote, na mara nyingi umeme wa bayasi (volti zinazopanga mkondo wa valvu za nguvu pasipo muziki) ni wa wote. Mvumo ukiwa kushoto na kulia kwa kiasi kilekile, kuhamisha valvu ni kupoteza muda.

Kupima volti

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu mita ya kawaida inatosha kwa sehemu kubwa ya hitilafu za valvu, na hesabu inayohitajika ni ya kugawanya tu.

Chukua karatasi, chora safu mbili, kushoto na kulia. Pima pini kwa pini: anodi, gridi ya pili, kathodi (inayotoa mkondo wa valvu), gridi ya kwanza (inayouongoza mkondo huo na kupokea sauti), upande mmoja kisha wa pili. Kwa EL34, anodi ni pini 3, gridi ya pili ni 4, gridi ya kwanza ni 5, kathodi ni 8, na uzi wa kupasha moto uko 2 na 7. Hata usipokuwa na mchoro wa saketi, safu hizo mbili zikikaa pamoja hitilafu hujitokeza yenyewe. Tofauti ya asilimia 10 isikusumbue. Rizista za enzi hizo zilitoka kiwandani na tofauti ya asilimia 10, nyingine 20. Tofauti ya nusu kwa nusu ndiyo unayoitafuta.

Anodi ya valvu ndogo ikisoma volti zilezile za chanzo chake, valvu haipitishi mkondo. Angalia uzi wake kama unawaka, kisha rizista ya kathodi kama imekatika. Anodi ikisoma chini sana, ama valvu inapitisha kupita kiasi, ama rizista ya anodi imepanda thamani. Rizista za kaboni za zamani hupanda kwa umri. Ile ya kiloohmu 220 ikisoma 300 si ajabu. Jambo moja kuhusu namba zilizoandikwa kwenye michoro ya zamani: nyingi zilipimwa kwa mita za ohmu 20,000 kwa kila volti, nyingine hata 1,000, na mita hizo zenyewe zilikuwa zinavuta volti chini. Mita ya kisasa ya megaohmu 10 itasoma juu kidogo, hasa palipo na rizista kubwa. Tena umeme wa ukutani huenda umepanda tangu siku hizo. Kifaa kilichoundwa kwa volti 117 kikilishwa 123, kila kitu ndani kinapanda kwa asilimia 5, pamoja na nyuzi za kupasha moto.

Sasa turudi kwa ile EL34 yenye bati jekundu. Washukiwa ni watatu: valvu yenyewe, kapasita inayopitisha sauti kutoka hatua ya nyuma, au umeme wa bayasi. Mita inawatenganisha bila kununua chochote. Chomoa valvu za nguvu za upande huo, washa, pima pini 5 ya soketi tupu. Ikiwa amplifaya ina bayasi ya kathodi, inayotokana na rizista ya kathodi, kama Leak Stereo 20 ya mwaka 1958 na EL84 zake (ambazo gridi yao iko pini 2), unatarajia sifuri. Ikiwa ina bayasi ya kudumu, inayotoka kwenye chanzo chake cha volti hasi, kama ST-70, unatarajia makumi ya volti hasi, na soketi zote nne zisome karibu sawa. Volti chanya mahali pa sifuri, au soketi moja iliyo karibu na sifuri kuliko wenzake, inaelekeza kwenye kapasita inayovuja. Kwenye bayasi ya kudumu pima pia rizista ya gridi ya soketi hiyo, maana ikikatika dalili hufanana. Soketi zote nne zikisoma pungufu, kosa ni la umeme wa bayasi. Kwenye ST-70 umeme huo unanyooshwa na kipande cha seleniamu, nacho kikizeeka hupitisha kidogo kuliko mwanzo, valvu zote zikawaka kupita kiasi. Soketi zikisoma sawasawa zikiwa tupu, lakini gridi ikapanda valvu ikirudishwa na kupata moto, valvu ina gesi ndani. Kipimo hiki kifanyike kwa muda mfupi, maana valvu zikitolewa volti za chanzo hupanda na kuzilemea kapasita za zamani.

Kwa nini ohmita haioni kapasita hiyo? Fikiria kapasita yenye volti 200 upande mmoja, na upande wa gridi kuna rizista ya kiloohmu 470 kwenda chini. Uvujaji wa megaohmu 100 tu unatosha kuipandisha gridi karibu volti 1 chanya. Ohmita ya kawaida itasema "wazi", kwanza kwa kuwa inapima kwa volti chache ambapo uvujaji haujaamka, pili kwa kuwa megaohmu 100 ziko nje ya uwezo wa mita nyingi. Mita ya kupimia mikrofaradi nayo itatoa namba nzuri. Kapasita inaweza kuwa na thamani sahihi kabisa na bado inavuja. Volti za kazini ndizo zinazosema ukweli.

Mita nayo ina upofu wake. ST-70 inapimwa bayasi kwa kuangalia volti 1.56 juu ya rizista ya ohmu 15.6, yaani miliampea 100. Lakini rizista hiyo ni ya valvu mbili kwa pamoja. Ukipata 1.56 unadhani kila moja inapitisha 50. Inawezekana moja inapitisha 80 na nyingine 20, jumla ileile, na ile ya kwanza inabeba zaidi ya wati 30 huku mita ikikuambia mambo ni shwari. Ndiyo maana wengi huweka rizista ya ohmu 10 kwenye kathodi ya kila valvu, ikawa volti 0.5 ni miliampea 50, na kila valvu inajieleza yenyewe. Ni badiliko dogo ambalo ningelifanya kwa kila amplifaya yenye rizista ya kushirikiana.

Kwa mvumo, mita iwekwe kwenye mkondo geu (AC), lakini sikio litangulie. Penye umeme wa hezi 50, mvumo mzito wa chini ni hezi 50, nao hutoka kwenye nyuzi za kupasha moto, waya wa chesisi uliolegea, au uvujaji kati ya uzi na kathodi ya valvu. Mvumo ulio juu yake, wenye ukali kidogo, ni hezi 100, nao ni kapasita za kuchuja au valvu za nguvu zisizolingana. Penye hezi 60 ni 60 na 120. Zima, chomoa valvu ya kwanza kabisa ya upande unaovuma, washa tena. Mvumo ukiisha, chanzo kiko kwenye hatua hiyo au kabla yake. Ukiendelea, songa mbele. Kwenye kapasita ya kwanza ya kuchuja, volti kadhaa za mkondo geu ni kawaida. Baada ya koili au rizista inayofuata zinapaswa kushuka sana. Zisiposhuka, kapasita inayofuata imechoka.

Kuna mafundi wanaofuata sauti yenyewe kwa osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, wakiingiza hezi 1,000 na kuitazama hatua kwa hatua. Ni njia nzuri sana kwa upande ulionyamaza kabisa au unaokwaruza kwa sauti fulani tu. Ukiwa na kifaa hicho tumia, pamoja na kipimo chake cha kupunguza mara 10 kilichoidhinishwa kwa volti za kifaa. Ukiwa huna, safu mbili za karatasi zitakufikisha karibu palepale.

Kubadilisha kapasita zote

Hoja ya wanaoitetea njia hii si ya kipuuzi. Kapasita za elektroliti hukauka. Za karatasi hunyonya unyevu na kuvuja. Ukishafungua kifaa, ukakaa nacho mezani, kwa nini ubadilishe moja leo na jirani yake aharibike baada ya miezi michache? Kwa amplifaya inayotumika kila siku na ambayo haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani, kapasita za kuchuja, za bayasi na za karatasi zote zina sababu ya kutolewa.

Ninachopinga ni kuifanya njia ya kutafuta hitilafu. Amplifaya iliyokuwa na kosa moja inaingia mezani, inabadilishwa vipande 20 au zaidi, inawashwa, na bado haifanyi kazi. Sasa kosa ni lile la zamani, au ni kapasita iliyowekwa kinyume, au lehemu iliyoruka ikagusa pini mbili, au kijiti cha soketi kilichovunjika wakati wa kung'oa? Tena pande zote mbili zimeguswa, kwa hiyo ule upande mzima uliokuwa kipimo chako haupo tena. Umeutupa ushahidi wote. Nimeona vifaa vilivyotoka mikononi mwa watu wenye bidii vikiwa katika hali hii, na kazi ya kuvirudisha ilikuwa kubwa kuliko hitilafu ya awali.

Kuna pia tamaa ya kuongeza. Kopo la zamani lina mikrofaradi 30 kwenye hatua ya kwanza, dukani kuna 100 ya ukubwa mdogo, mtu anaona ni neema. Valvu ya kunyoosha mkondo haioni hivyo. GZ34 inaruhusiwa kapasita ya kwanza isiyozidi mikrofaradi 60, EZ81 isiyozidi 50. Ukizidisha, mkondo wa kuijaza kapasita kila mzunguko unakuwa mkali mno, na valvu inatupa cheche ndani. Ongeza kwenye hatua zinazofuata ukitaka, lakini ya kwanza iheshimu.

Ukiamua kubadilisha, maliza hitilafu kwanza. Kisha fanya upande mmoja, washa kwa balbu, pima volti zote tena, linganisha na upande ambao hujaugusa. Ukiridhika, ndipo uingie wa pili. Kapasita za seramiki na za maika zinazosoma vizuri ziache. Rizista pima, badilisha zile tu zilizotoka nje ya kiwango. Kipande cha seleniamu cha bayasi ningekibadilisha kwa diodi hata kama bado kinafanya kazi, kwa kuwa kikifa kinaondoka na valvu nne. Diodi itatoa volti hasi zaidi kidogo, kwa hiyo bayasi irekebishwe upya kabla ya kuendelea.

Zikiwekwa pamoja

Kwa gharama, kuhamisha valvu ni bure, kupima kunahitaji mita na saa moja au mbili, na kapasita zote zinahitaji fedha za vipuri na siku nzima ya lehemu makini. Kwa hatari, kuhamisha ndiko salama kuliko yote madhali kifaa kimezimwa na dalili si bati jekundu wala fyuzi. Kupima ndiko kunakomweka mtu karibu na volti 400 kifaa kikiwa hai, na hilo lisichukuliwe wepesi. Kubadilisha kapasita hufanywa kifaa kikiwa kimekufa, lakini hatari huhamia kwenye siku ya kuwasha.

Kwa dalili, hivi ndivyo ningeamua. Kelele, mikwaruzo au sauti iliyopungua upande mmoja: hamisha valvu ndogo, na uwe tayari kusafisha soketi. Mikwaruzo inayokuja tu unapozungusha kitufe cha sauti: safisha potenshometa (rizista inayozungushwa na kitufe hicho) kwanza, na ikirudi upesi pima kama kuna volti za mkondo mnyoofu juu yake, kwani kapasita inayovuja kabla ya potenshometa hutoa dalili ileile. Mvumo pande zote mbili: mita, na kapasita za kuchuja ndizo washukiwa wa kwanza. Bati jekundu kwenye valvu moja: gridi, kwa mita. Bati jekundu kwenye zote: umeme wa bayasi, kwa mita. Fyuzi inayokatika: balbu, kisha chomoa valvu ya kunyoosha mkondo na ujaribu tena. Fyuzi ikikaa, shoti iko kwenye valvu hiyo au mbele yake. Ikikatika bado, iko kwenye transfoma ya umeme au nyaya zake.

Hali moja ndiyo ninayokubali kapasita zitangulie, nayo ni kifaa kilicholala miaka mingi bila kuwashwa, hakuna anayejua historia yake, na kopo la kapasita za kuchuja limevimba au limetoa utomvu. Hapo hakuna haja ya kupima. Kopo linatoka kabla ya umeme kuingia. Kama kopo linaonekana zima, wengine hupandisha volti polepole kwa transfoma ya kurekebisha ili kapasita zijijenge upya. Kumbuka tu kwamba valvu ya kunyoosha mkondo haitoi chochote mpaka uzi wake upate moto, kwa hiyo volti hazitapanda taratibu kama unavyodhani. Zitakuja ghafla katikati ya safari. Kazi hiyo inahitaji diodi za muda mahali pa valvu.

Pale zote tatu zinapokwama

Kuna hitilafu moja ambayo valvu mpya haziiponyi, kapasita mpya haziiponyi, na mita inaiona tu ukijua pa kuigusisha. Anodi ya valvu moja ya nguvu inasoma sifuri huku mwenzake ikiwa na volti kamili. Zima, toa umeme kwenye kapasita, chomoa valvu za nguvu, kisha pima ohmu kutoka waya wa katikati wa transfoma ya sauti hadi kila anodi. Nusu mbili zikitofautiana kidogo si kosa, kwa sababu nusu iliyosukwa nje hutumia waya mrefu zaidi. Linganisha na transfoma ya upande wa pili. Nusu moja isiposoma kabisa, uzi umekatika ndani, na transfoma inakwenda kwa msuka transfoma. Ile nzima ipeleke pamoja nayo, ili ahesabu mizunguko na kupima unene wa waya kabla hajaanza kusuka.